Yaliyosemwa Juu ya Pedol Yahesabiwe Hayakusemwa

Tegwen Prydderch,
Nyumba ya Mwisho, Mtaa wa Kanisani,
Pentre Gwernant.
Jumatatu, 11 Agosti

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Watembea Milima,
Pentre Gwernant.

Ndugu Mwenyekiti Arwel,

YAH: SIRI ILIYONITOKA KWENYE UPEPO JUMAMOSI ILIYOPITA

Natumaini barua hii inakukuta umeinua mguu juu ya kiti, na kwamba goti lililokulazimisha kurudi Jumamosi, dakika ishirini tu baada ya kuanza safari, sasa limetulia. Sote tulilisikitikia. Tulilisikitikia zaidi saa kumi jioni, tuliposhuka tumelowa mpaka kitovuni tukalikuta limenyooshwa chini ya meza ya mgahawa, huku mwenye goti akimalizia bakuli la supu ya kondoo.

Mimi si mtu wa malalamiko. Katika miaka ishirini na tisa ya uanachama nimeandika barua mbili tu, ya kwanza kuhusu watu wasiofunga mageti ya kondoo, na ya pili kuhusu jibu nililopewa kwa ile ya kwanza. Hii ya tatu nitaileta kwa mkono wangu, kwa sababu mtuhumiwa mkuu ni Hefin Posta, na nikiitumbukiza kwenye sanduku yeye ndiye atakayeibeba.

Wewe unajua, na bonde zima linajua, kwamba mkate wangu wa zabibu, bara brith, umechukua kikombe cha Maonyesho ya Agosti miaka kumi na minne mfululizo. Sijui kuimba, jambo ambalo kwenye kijiji hiki ni ulemavu. Sina shamba wala kondoo, na wanangu wote wako Liverpool. Nilicho nacho ni mkate huo. Nikipita barabarani watu hawasemi yule ni mama fulani, wanasema yule ni Tegwen Mkate. Mapishi yake nilipewa na nyanya yangu kwa mdomo, mlango wa jikoni ukiwa umefungwa na redio imewashwa ili majirani wasisikie, na hayajawahi kuandikwa popote. Jumamosi iliyopita niliyasema yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa kupiga kelele, nikiwa nimekaa juu ya jiwe kwenye mlima Pedol, futi elfu mbili na mia saba kutoka usawa wa bahari. Mbele yangu alikuwa Hefin. Nyuma yangu, Mwenyekiti, alikuwa Buddug Kuku, ambaye amekuwa wa pili kwenye maonyesho hayo mara kumi na moja.

Maonyesho ni baada ya siku kumi na tisa. Kwa hiyo naomba uniruhusu nitaje malalamiko yangu kwa mpangilio, ili kamati isije ikasema nimeandika kwa hasira. Hasira ninayo, lakini imepangwa.

1. Kuhusu hali ya hewa. Asubuhi ile wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye paa la kanisa. Redio ilisema upepo wa maili hamsini kwa saa huko juu, na manyunyu ambayo yatageuka kuwa mvua, na mvua ambayo itageuka kuwa mvua ya mawe. Hefin, kiongozi wa safari, alitazama upande ambao kwa kawaida kuna mlima, akakaza kamba za shanta lake na kusema, "Itafunguka." Mtu huyu amekuwa akisema itafunguka tangu tukiwa na nywele nyeusi, na sijaona ikifunguka. Lakini utafanyaje na mtu ambaye amepeleka barua kwenye mvua miaka thelathini na sita? Kwake mvua ni ofisi tu. Alitembea mbele akipiga mluzi, maji yakimtiririka puani, na uso wake ukiwa na furaha ya mtu aliyeanza likizo. Naomba kamati itamke rasmi kwamba itafunguka si utabiri wa hali ya hewa.

2. Kuhusu adabu zetu. Baada ya wewe kutuacha tulibaki watatu. Tulipofika kwenye Bwlch, lile pengo ambalo ndilo mahali pa mwisho mtu anapoweza kushuka kwa njia ya kondoo bila kupanda mgongo wa mlima, Hefin alisimama akauliza tunaonaje. Buddug akasema yeye yuko sawa kama mimi niko sawa. Mimi nikasema niko sawa kama Hefin yuko sawa. Hefin akasema yeye yuko sawa kabisa mradi sisi wawili tuko sawa. Wakati huo Buddug alikuwa na punje za mvua ya mawe kwenye nyusi, na mimi sikuwa nikiyasikia masikio yangu.

Baadaye, tukivua buti, ilidhihirika kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuendelea. Buddug alitaka chai. Mimi nilitaka chai. Hefin naye alikiri alikuwa akimwomba Mungu mmoja wetu akatae. Lakini wewe unatujua watu wa bonde hili. Tunaweza kuvunjika shingo, ila kuwa wa kwanza kusema turudi hatuwezi, labda tuwe na goti. Hivyo watu watatu waliotaka chai walipanda mgongo wa Pedol kwenye dhoruba kwa ajili ya heshima tu. Napendekeza kila safari iwe na Mkosa Adabu wa Zamu, atakayechaguliwa kwa kura tukiwa bado kwenye maegesho, ambaye kazi yake itakuwa kusema, "Mimi siendi, na ninyi msiende." Najitolea kwa zamu ya kwanza.

3. Kuhusu mgongo wenyewe. Wewe umewahi kuupita ukiwa kijana, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Siku ya jua unatembea ubavuni, mikono imeshika mawe ya juu kama mtu anayeshika ubao wa kiti cha mbele kanisani, na unapiga picha. Jumamosi mawe yalikuwa na utelezi wa sabuni. Kushoto kulikuwa na ukungu, kulia kulikuwa na ukungu, na kwa kuwa napajua nilijua kwamba chini ya ukungu wa kushoto hakuna kitu, na chini ya ule wa kulia hakuna kitu pia. Tulikuwa tukiparamia kwa mikono na miguu, Hefin mbele, mimi katikati, Buddug nyuma, upepo ukitupiga usoni moja kwa moja. Tulipofika katikati ulikuja mkupuo mmoja wa upepo ambao uliniinua kidogo. Kidogo tu, Mwenyekiti, lakini nina kilo themanini na moja, na sijazoea kuinuliwa.

Niliketi. Niliupanda ule mgongo mguu huku na mguu huku, nikaukumbatia, na nikaamua kwamba nitaishi pale. Sitaki kamati iandike kwamba niliogopa. Miguu yangu iligoma, na mimi kama mtu ninayeheshimu migomo, nikiwa binti wa mchimba mawe, sikuona sababu ya kuilazimisha. Nilimwashiria Hefin aendelee na maisha yake.

4. Kuhusu mahojiano. Hapa ndipo penye kosa lenyewe. Hefin hakuendelea na maisha yake. Alirudi akitambaa mpaka hatua tano hivi kutoka nilipokuwa, akageuka, akaketi kama nilivyoketi, tukatazamana kama watu wawili juu ya punda mmoja. Akaweka kiganja kando ya mdomo. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwangu, kwa hiyo nilimsikia vizuri.

"Tegwen bach," akasema, kama anayembembeleza mtoto mdogo, "hebu niambie unavyopika ule mkate wako."

Nilimwambia hata nife. Akasema sawa, basi nimwambie tu naanza na nini. Nikafikiri, kuanza si siri, kila mwanamke wa bonde hili anaanza kwa kuloweka zabibu kavu kwenye chai iliyopoa. Nikamwambia. Ili nimwambie vizuri ilibidi niinue kichwa, na nilipoinua kichwa nikajikuta nimesogea mbele kiasi cha kiganja. Akasema, "Halafu?"

Mwenyekiti, mapishi hayana mlango wa kutokea katikati. Ukishasema chai utaulizwa chai gani, na mimi nikataja chai gani. Halafu? Nikasema inakaa humo kwa muda gani. Nikasogea. Halafu? Nikataja sukari, aina yake na vijiko vyake, nikihesabu kwa vidole vya mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa na kazi. Nikasogea. Halafu? Nikasema mayai, na wakati gani, na kwa nini si kabla ya hapo. Mvua ya mawe ilikuwa inanipiga usoni na mimi napiga kelele kuhusu unga. Alikuwa anarudi kinyumenyume, jiwe kwa jiwe, bila kuniondolea macho, na kila niliponyamaza yeye alisema neno lile lile kwa sauti ile ile, kama mtu mwenye njaa kali na subira nyingi. Ilichukua dakika arobaini. Hakuna hakimu, hakuna polisi, hakuna hata mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliyewahi kunihoji namna hiyo.

Kisha tukafika kwenye ule ufa mwishoni mwa mgongo, pale unapotakiwa kuachia mkono na kunyoosha mguu hewani kabla ya kuukuta mwamba wa upande wa pili. Mapishi nayo yalikuwa yamebakisha jambo moja, lile ambalo nyanya aliniambia siku ya mwisho, akinivuta sikio, lile ambalo ndilo mkate wenyewe. Nilisita. Hefin akanyoosha mkono. "Halafu, Tegwen?"

Nikalisema. Nikaachia mkono, nikanyoosha mguu, nikafumba macho, na nikalisema kwa sauti ambayo nyanya lazima aliisikia. Nilipofumbua macho nilikuwa nimesimama kwenye majani, na Hefin amenishika kiwiko, na kikombe changu cha miaka kumi na minne kilikuwa kimepeperuka na upepo kuelekea nyuma, moja kwa moja kwa Buddug.

5. Kuhusu Buddug Kuku. Alipovuka ule ufa nilimtazama usoni. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, juu na chini, kama mtu anayehifadhi jambo moyoni. Na tangu nilipoanza kusema, kila nilipogeuka kidogo, nilimwona anatikisa kichwa hivyo hivyo. Tukiwa tunashuka alinigusa bega na kusema, "Tegwen, leo umenifundisha kitu ambacho sitakisahau." Sikulala. Jana baada ya ibada mke wa mwenye duka aliniambia, bila kuulizwa, kwamba Buddug amenunua pakiti mbili za zabibu kavu Jumamosi hiyo hiyo jioni. Nywele zilikuwa bado hazijamkauka. Na mayai, kama unavyojua, hana haja ya kununua.

6. Kuhusu mlima. Nina hakika kwamba mgongo wa Pedol umepungua upana. Nilipoupita mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na tatu ulinitosha bila matatizo. Mlima hauwezi kuwa haukubadilika, kwa sababu mimi sijabadilika kiasi hicho. Kama ungekuwa na upana wake wa zamani nisingeketi, nisingeketi nisingehojiwa, na nisingehojiwa siri ingebaki kwangu. Kwa hiyo mlima nao ni mshiriki, na naomba usiachwe nje ya kesi.

Kutokana na hayo yote naomba kamati ipitishe yafuatayo.

Kwanza, Hefin Posta apigwe marufuku kuuliza swali lolote akiwa juu ya futi elfu mbili. Chini ya hapo anaweza kuuliza habari za nyumbani.

Pili, maneno yote yaliyosemwa mgongoni mwa Pedol upepo ukizidi maili arobaini yahesabiwe hayakusemwa, na aliyeyasikia ahesabiwe hakusikia, na akiyapika ahesabiwe ameiba.

Tatu, Buddug apike mkate wake wa mwaka huu kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya mashahidi wawili ambao hawapendi mikate.

Nne, kama hayo ni mazito kwa kamati, basi ipo njia moja rahisi. Kamati itangaze kwamba safari ya Jumamosi haikufanyika. Ifutwe kwenye daftari. Safari isipofanyika hakuna aliyepanda, na asiyepanda hakuketi, na asiyeketi hakusema. Nitakubali kupoteza fahari ya kuvuka Pedol kwenye dhoruba nikiwa na miaka sitini na miwili, ingawa itaniuma. Zingatia pia, Mwenyekiti, kwamba safari isipofanyika hakuna aliyerudi nyuma, wala hakuna aliyeonekana na supu.

Nimalizie hapa kabla mkono haujachoka. Msalimie mama Gwenda hapo nyumbani, mwambie zile soksi alizoniazima zimekauka na nitazirudisha. Wasalimie wanakamati wote, hata mweka daftari ambaye hajajibu barua yangu ya pili. Msalimie na yule mbwa wenu, maana Jumamosi yeye alitaka kuendelea na sisi, ikabidi umvute kwa kamba.

Wako katika milima na katika haki,

Tegwen Prydderch
(Mwanachama wa mwaka wa ishirini na tisa)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii asubuhi hii wakati Hefin alipobisha na bili ya umeme. Mvua inanyesha, kama unavyoona mwenyewe dirishani. Niliona ni ungwana nimwambie mtu mashtaka yake usoni, kwa hiyo nikamwingiza jikoni nikamwambia najua amesikia kila kitu, na nataka ale kiapo mbele yangu kwamba hatalisema lile jambo la mwisho kwa binadamu yeyote.

Alinitazama kama mtu aliyepewa barua isiyo na anwani. Kisha akasema, "Tegwen bach, mimi sikusikia hata neno moja. Na upepo ule? Ulikuwa unazibeba sauti zote nyuma. Niliona mdomo tu. Nikaona ukisema unasogea, ukinyamaza unaganda. Basi nikawa nauliza tu."

Nilikaa. Nikamuuliza kuhusu Buddug. Akasema Buddug alikuwa amefunga kofia ya koti juu ya kofia mbili za sufu, macho ameyafumba, anaimba wimbo mmoja wa kanisani beti zote sita kisha anaanza upya, na kichwa alikuwa anapigia mdundo. Alichojifunza kwangu, eti, ni ujasiri. Zabibu ni za kuku. Hefin anampelekea barua kila siku na amewaona wakizila.

Kisha akaniuliza, kwa upole sana, hivi nilikuwa nasema nini muda wote ule. Nikamwambia nilikuwa nasali. Maskini alivua kofia, maji yote yakamwagika sakafuni kwangu, akasema hata yeye alihisi, maana pale mwisho nilifumba macho. Sasa amekwisha kuondoka na habari hiyo kwenye mkoba wake, na mpaka saa sita mchana atakuwa ameifikisha kila mlango. Tayari mchungaji amenipigia simu akiniomba niongoze maombi Jumapili.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, usiisome barua hii kwenye kamati. Ichome. Nimekuletea kwa sababu tu nilishaitia sahihi na karatasi ilikuwa nzuri. Safari ya Jumamosi ibaki kwenye daftari, mlima uachwe ulivyo, na Hefin aulize anachotaka kwenye mwinuko anaoutaka.

Dakika arobaini mtu yule alikaa kwenye mvua ya mawe akimuuliza "halafu?" mwanamke ambaye maneno yake yalikuwa hayamfikii. Marehemu mume wangu Ifor alinisikia vizuri miaka thelathini na moja, jikoni humu humu, bila upepo wowote, na nimekaa hapa tangu Hefin aondoke nikijaribu kukumbuka siku moja aliyoniuliza "halafu?". Orodha ya safari ya Septemba ikibandikwa, niandike jina langu mara tu baada ya la Hefin.